Fundi Bado na Kichwa cha Mgeni

Kuna wakati wa mchana, chakula kikishashuka tumboni na jua likishavuka paa la nyumba ya mbele, ambapo uani kwetu kila kitu hulegea. Mashuka niliyoanika huacha kupepea. Maji kwenye mabeseni yangu hutulia. Mimi mwenyewe husimama na pasi mkononi, nikipiga shati ambalo nimeshalipiga, akili imekwenda matembezini bila kuniaga. Ukiniuliza nilikuwa nawaza nini, sina jibu.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha mbele cha nyumba waliyotuachia wazazi. Chumba kinachotazama uani anakaa mdogo wangu wa kiume na mke wake. Habari hii ni ya huyo mdogo wangu. Ukimwuliza mwenyewe atakwambia hana lolote la kusimulia, na hapo ndipo utakapojua kwamba hajijui.

Kazi yake ni kupiga lipu. Waashi wakishapanga matofali na kuondoka na kelele zao, yeye ndiye anayekuja na mwiko na ubao wake mrefu kuuvisha ukuta saruji mpaka unyooke. Ana namna mbili za kukagua ukuta, na zote mbili zinachosha watu. Ya kwanza, anafumba macho na kupitisha kiganja polepole, toka juu mpaka chini, utadhani anasikiliza kitu. Ya pili, anafunga madirisha, anawasha tochi na kuishika ubavuni mwa ukuta, ili kila kinundu kitupe kivuli chake. Wakati huo wenzake wameshaosha vifaa vyao. "Fundi, hapa tumemaliza, twende tukale," wanamwambia. Naye anajibu neno moja tu: "Bado." Wamelisikia mpaka wamelifanya jina lake. Hata wenye nyumba wakimtafuta kwa kazi huuliza Fundi Bado yuko wapi, na hakuna anayecheka tena.

Usimcheke sana na wewe, maana kwetu ni ukoo. Baba yetu alikuwa seremala na randa yake haikujua kupumzika. Mimi nami mkunjo kwenye kola ya mtu nisiyemfahamu unaweza kuninyima raha siku nzima. Wifi yangu alipoolewa humu ndani alitutazama kwanza kwa miezi kadhaa, kisha akaniuliza, "Wifi, hivi katika nyumba hii kuna mtu anayejua kuacha kitu kilivyo?" Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Wifi anauza tiketi kituo cha treni, amezoea kusema na watu kupitia kitundu cha kioo, kwa hiyo maneno yake ni machache na huwa anamaanisha yote.

Wifi alipopata ujauzito, mdogo wangu aliapa kwamba mtoto hataukuta ule ukuta wa chumbani uliovimba kwa unyevu. Akabandua lipu yote ya zamani, akapiga mpya, juu yake akapaka chokaa laini, akaisugua kwa mwiko wa chuma, akapaka maji ya sabuni, akasugua tena. Sabuni yenyewe ilikuwa yangu. Niliwatuhumu majirani wote kimoyomoyo kabla sijakiona kipande kilichobaki, chembamba, kimekaa juu ya dirisha lake. Nikaingia na ugomvi wangu mdomoni, nikauona ukuta, na ugomvi ukaniishia. Haukuwa mweupe tu. Ulikuwa na mwanga wa ndani kwa ndani, kama ganda la yai ukiliinua juani. Wifi na tumbo lake alikuwa akienda pale kuegemeza shavu, anafumba macho kwa ule ubaridi, nasi tunapita kwa kunyata tusimwamshe ingawa hakuwa amelala. Siku uchungu ulipomshika nilimpeleka hospitali mimi. Mume mtu alitukuta hukohuko, ananuka sabuni. Alikuwa anamalizia kona.

Akazaliwa mtoto wa kike. Watu walipouliza tuliwajibu kama kila mtu anavyojibu, kwamba tumepata mgeni, na jina likamganda. Lipo jina lake la cheti, zuri tu, lakini nyumbani ni Mgeni na sidhani litabadilika.

Siku zile za mwanzo nyumba yote iliingia usingizini pamoja naye. Kulikuwa na mvuke wa pasi na harufu ya maziwa, na nepi zimechanganyikana na mashuka ya wateja kwenye kamba moja. Tulinong'ona hata alipokuwa macho. Mdogo wangu, ambaye viganja vyake vimekauka kwa saruji mpaka vinakwaruza, alikuwa akimbeba juu ya taulo lililokunjwa. Akikaa naye mlangoni alikuwa anasahau kama ana njaa. Mara nyingine nilijikuta nimesimama uani na shuka lililolowa mikononi, maji yananitiririkia miguuni, nawatazama tu.

Na Mgeni alikuwa mpole kupita kiasi. Ukimlaza kwenye kitanda chake kidogo, kilichosukumwa hadi ukutani, aligeuza uso upande wa kushoto na kutulia. Macho yanafunguka, mdomo unachezacheza, kisha anatabasamu na mtu ambaye sisi hatumwoni. "Anaongea na malaika," wateja wangu walisema. Sisi tukawashukuru malaika hao kwa kutulelea mtoto, tukaendelea na kazi zetu.

Ndipo akaja Mama Pazia. Nimempa jina hilo kwa sababu mapazia yake hayaishi kuchafuka. Ni mwanamke mwenye moyo mzuri na sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Alitaka kumwona mgeni, wifi akampa. Akamweka begani, akampapasa mgongo, akapanda na mkono hadi kichwani, na mkono ukasimama.

"Ee! Mbona kichwa kimebapa hivi? Hebu oneni huku nyuma."

"Mchanga huyo," nikasema. "Vichwa vya wachanga ndivyo vilivyo."

"Mchanga sawa, lakini mbona upande mmoja? Na hili sikio limesogea mbele, hulioni? Mfungeni kitambaa, mkikaze vizuri, kabla mifupa haijakomaa." Akamrudisha mtoto, akabusu vidole vyake, akachukua mapazia na kwenda zake. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

 Wifi alikaa kitandani na mtoto mapajani, akawa anakipapasa kisogo kwa vidole viwili, anakwenda na kurudi. Na kweli, ukishaambiwa jambo kama hilo huwezi tena kutoliona. Ukimtazama Mgeni toka juu, upande wa kulia kichwa kilikuwa cha duara, na upande wa kushoto kimelala, kama mkate uliopandishwa ukiwa umeegemea ukingo wa sinia.

Jioni mdogo wangu aliporudi tukamwambia. Alinawa mikono kwa muda mrefu. Akapiga magoti, akamtazama mtoto toka juu, toka ubavuni, toka chini. Niliyajua macho yale. Ndiyo macho anayotazamia kuta za watu.

Toka hapo chakula kikawa hakimpiti kooni. Aliniambia ameota anapiga lipu ukuta mrefu usio na mwisho, laini ajabu, na kila akipitisha kiganja anakuta vinywele. Niliona haya kumwuliza zaidi. Ikafika siku yake ya mapumziko, wifi ameoga na anachana nywele uani, jua ndiyo kwanza linaanza kusogea. Mimi nikachukua nepi zilizokwisha kukauka niwapelekee chumbani. Nikakuta pazia limefungwa na mlango umerudishwa. Nikausukuma.

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mtoto. Mkono mmoja ameshika tochi, ameilaza ubavuni mwa kichwa cha Mgeni, inammulika kisogo. Mkono wa pili ameshika ubao wake wa kunyooshea lipu, ule mrefu kuliko mimi, ameuning'iniza juu ya mtoto huku amezuia pumzi. Mgeni hana hili wala lile, ameugeukia ukuta wake.

"Wewe," nikamwambia, "unafanya nini?"

"Napima."

"Unapima nini na gogo hilo?"

"Ona kivuli, Dada. Huku kinazunguka vizuri. Njoo uone huku. Hapa kinakatika."

Nilitaka kucheka, na nakuambia kweli, ilikuwa ya kuchekesha, mtu mzima na tochi mchana kweupe. Lakini aliinua uso, akaizima tochi.

"Maisha yangu yote nabapaza vitu," akasema. "Sasa ubapa wenyewe umenifuata mpaka nyumbani. Dada, humo ndani si ndimo ulimo ubongo? Utakaa wapi?"

 Nilikuwa nimejiuliza hilohilo nikiwa kwenye beseni na nikakosa mtu wa kumwuliza. Nikamwondolea ule ubao mkononi, na hapo wifi akawa ameshasimama mlangoni, kitana bado kimo kichwani. Alitazama ubao, akatazama tochi.

"Huyo ni mwanangu," akasema. "Si ukuta wa mteja."

Akamchukua mtoto akatoka naye. Nilimkuta uani, amekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, mashuka yamemzunguka pande zote kama chumba kingine cheupe. Nikavuta beseni nikakaa karibu naye.

"Wifi," akaniambia bila kunitazama, "toka siku ile hajamwangalia usoni. Anamwangalia kisogo. Akimbeba, mkono unakwenda kulekule, unapapasa, unapapasa. Mimi kila siku nasubiri alitoe lile neno lake. Watu wa kazini kwake wamelizoea. Lakini akilisema kwa huyu mtoto, wifi, nitalisikia maisha yangu yote. Na mtoto naye atakuja kulisikia."

Ni maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa mkupuo mmoja. Nilimshika goti. Nikamwambia kesho tunakwenda kliniki sote, na kama mdogo wangu analeta ubao wake nitauvunja mimi mwenyewe niwashie jiko.

Kliniki tulikaa kwenye benchi refu lililong'arishwa na makalio ya akina mama. Fundi Bado alikuwa ameweka mikono yake chini ya mapaja, kama ananiogopa. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele na haraka ya mtu mwenye foleni, lakini alipomshika Mgeni ile haraka ilimwisha. Akakizungusha kichwa utepe wa kupimia. Akagusa utosi. Akapitisha vidole kwenye maungio ya mifupa. Akaigeuza shingo kulia, akaigeuza kushoto, akamtazama toka juu, akalinganisha masikio. Akapiga makofi madogo, Mgeni akamtafuta kwa macho. 

"Kichwa kinakua vizuri," akasema. "Shingo haina tatizo. Utosi mzuri, mifupa haijajifunga. Ubongo wake hauna habari na jambo hili, umekaa kwake kwa raha zake."

Wifi alifunika mdomo kwa mkono. Mdogo wangu akauliza, kwa sauti ya kikazi kabisa, "Kinaweza kunyooshwa?"

"Baba, hiki hakinyooshwi. Usimfunge kitambaa, usimbonyeze, usimwekee mto. Kitajijaza chenyewe mkimsaidia kidogo." Akamrudisha kwa mama yake. "Mlazeni chali kama kawaida, hapo msibadilishe. Ila akiwa macho na mtu yuko naye, mlazeni kifudifudi, ajifunze kuinua kichwa. Mbadilishieni mkono wa kumbebea. Sasa niambieni, akilala anatazama wapi?"

"Kushoto," tukasema kwa pamoja.

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na kushoto kuna nini?"

Tukatazamana. "Hakuna kitu," akasema mdogo wangu. "Ni ukuta tu."

Muuguzi akachomoa kalamu kwenye nywele, akatabasamu. "Mtoto hachoshi shingo yake bure. Nendeni mkaangalie. Kisha mgeuzeni alale kichwa upande mwingine wa kitanda. Mtanirudishia nimwone tena."

 Tulipofika nyumbani mdogo wangu alikwenda moja kwa moja chumbani, akavuta kitanda cha mtoto pembeni, akatandika mkeka palepale kilipokuwa, akajilaza chali. Mtu mrefu yule, miguu ikabidi ipite chini ya meza. Akageuza uso kushoto.

"Naona ukuta," akasema.

"Tumekusikia," wifi akajibu. "Endelea kuangalia."

Niliwaacha nikarudi kwenye mashuka yangu, maana kazi ilikuwa imenilalia. Jua likasogea taratibu. Likavuka paa la nyumba ya mbele na kunikuta nimeinama, likaingia kwenye mabeseni yote kwa pamoja, na saa ile ya kulegea ikaanza. Nilikuwa nimeshaanza kupotea kwenye mawazo yangu yasiyo na jina nikasikia sauti yake dirishani, ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

"Dada. Tikisa maji."

"Nini?"

"Maji ya beseni. Yatikise kidogo."

Nikatia mkono nikayatikisa.

"Tena," akasema. "Polepole. Tena."

Nikajifuta mikono nikaingia. Alikuwa bado amelala pale chini, lakini sasa wifi naye alikuwa amelala kando yake, na Mgeni katikati yao. Hakuna aliyenigeukia. Nami nikajibana pembeni, nikalaza kichwa changu kilipokuwa kichwa cha mtoto, nikageuka kushoto.

Basi ndipo nilipouona ukuta ule kwa mara ya kwanza, mimi niliyekuwa naingia chumba kile kila siku. Tukiwa tumesimama ulikuwa ukuta mzuri. Tukiwa tumelala ulikuwa kitu kingine. Jua lililogonga maji ya mabeseni yangu lilikuwa linaruka, linapita dirishani, linaangukia ile chokaa iliyosuguliwa kwa sabuni yangu, na pale lilikuwa hai. Mistari ya mwanga ilikwenda na kurudi, inashikana, inaachana, inakusanyika mahali pamoja na kutetemeka, kisha inatawanyika tena taratibu. Shuka likipepea nje, kivuli chake kilipita juu ya mwanga na kuufuta wote, halafu mwanga ukarudi. Hakukuwa na sauti hata moja. Mgeni alitikisa miguu na kutoa kicheko chake kisicho na meno. Sijui tulilala pale muda gani. Nakumbuka nilimwona marehemu mama, au nilidhani, anaanika nguo mahali penye mwanga mwingi, na wala sikushangaa.

Aliyeamka kwanza ni Fundi Bado. Aliinuka, akatoka, nikasikia vyuma vinagongana kwenye mfuko wake wa vifaa. Akarudi na kikwangulio.

"Unakwenda wapi na hicho?" wifi akamwuliza toka chini.

"Naukwangua. Naurudishia saruji tupu. Ukiwa mbaya hatautazama."

Alikuwa hatanii. Alishaweka makali ya kile chuma kwenye ukuta, palepale mwanga ulipokuwa unacheza, na mwanga ukampanda mkononi mpaka kwenye kiwiko. Ukuta alioupenda kuliko kuta zake zote. Mimi nilitaka kupiga kelele, lakini mkewe yupo na chumba ni chao, nikajikaza kisabuni.

Wifi aliinuka bila haraka. Akarudisha kitanda mahali pake, mumewe akalazimika kukipisha. Akamchukua Mgeni na kumlaza chali, ila safari hii kichwa akakiweka ilipokuwa miguu. Ukuta sasa ukawa upande wa kulia.

Mgeni akageuza uso kushoto kama alivyozoea. Kushoto akakuta miguu ya meza na suruali ya baba yake. Akakunja uso. Akanung'unika, akarusha mkono, akatafuta. Kile kichwa kikaanza kurudi, kikafika katikati, kikapumzika hapo kinatazama dari. Kisha kikaenda, kidogo kidogo, upande ambao hatukuwahi kumwona akiutazama, na ule mwanga ukamwangukia usoni. Akatulia.

"Muuguzi amesema tumgeuze mtoto," wifi akasema. "Hakusema tugeuze nyumba. Haya, kwangua sasa kama unataka."

Mdogo wangu alisimama na kile chuma mkononi. Kisha akakiweka chini, polepole, kisije kikagonga sakafu.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo alipona ugonjwa wake, lakini mtu habadiliki kama pazia. Aliendelea kuchungulia kisogo. Kilichomsaidia ni ile kazi ya kumlaza mtoto kifudifudi. Wifi alimkabidhi yeye. Akitoka kazini, saruji ingali kwenye nyusi, anatandika mkeka, anamlaza Mgeni kwa tumbo, naye analala kwa tumbo mbele yake, pua kwa pua. Na ukilala hivyo na mtoto, kisogo hukioni. Unachokiona ni uso tu. Mwanzoni Mgeni alikuwa analia, paji limegandana na mkeka, na baba anamsihi, "Inua, mama, inua tu kidogo nikuone." Siku moja akainua, macho yamemtoka pima kwa jitihada, mate yanachuruzika, akamwona baba yake na kumcheka. Nilikuwa mlangoni na nguo za mtu. Nilimsikia mdogo wangu anacheka kwa namna ambayo sijaisikia toka tukiwa watoto.

Tukawa tunashindana kumgeuza. Mimi nimezoea kubeba kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ni wa pasi, nikajifunza kubeba kwa kulia, na mashati ya watu kwa kipindi kile yalipigwa pasi na mkono wa kushoto, wanisamehe. Mama Pazia alikuja tena na kitambaa alichokipinda mwenyewe kwa upendo. Wifi alikipokea, akamshukuru, akakitumia kufutia vumbi redio.

Tulirudi kliniki Mgeni akiwa ameshaanza kukaa kwa kuegemezwa. Muuguzi akazungusha utepe wake, akamtazama toka juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kimejijaza vizuri, akasema. Pale kushoto patabaki na ubapa kidogo, pengine utaisha, pengine hautaisha, nywele zitafunika. Mtoto ni mzima. Nilimtazama mdogo wangu kwa jicho la pembeni alipolisikia lile neno "pengine". Aliinama akamfunga mtoto vifungo vya shati.

Siku ileile tulikuwa nyumbani saa ya kulegea. Milango yote iko wazi. Mimi niko mezani na pazia la Mama Pazia, wifi anatoka jikoni na bakuli la wali, na mdogo wangu amekaa sakafuni ameegemea ukuta wake, Mgeni amemlalia kifuani. Mwanga wa mabeseni ulikuwa unawapita wote wawili.

Nikamwona anafumba macho. Nikamwona anainua kile kiganja chake kinachokwaruza na kukiweka kwenye utosi wa mtoto, bila taulo, bila kitu. Kikaanza kushuka. Wifi aliganda mlangoni, bakuli mikononi. Nami niliganda. Kiganja kikazunguka upande wa kulia, kikarudi, kikaingia upande wa kushoto polepole, namna ileile ninayoijua, kikafika pale penye ubapa uliobaki. Kikasimama. Kikapapasa mara moja, kikasimama tena. Nilisikia harufu ya kitu kinaungua, nikajua ni pazia, na sikuweza kuinua pasi. Tulilijua neno. Tulikuwa tunalisubiri sote wawili.

Mgeni aliamka. Aliinua kichwa kile toka kifuani kwa baba yake, chote, kwa nguvu zake mwenyewe, akamtazama. Mdogo wangu akafumbua macho naye akamtazama, kwa muda mrefu, na kiganja kikabaki palepale nyuma, kimetulia, hakitafuti tena kitu.

"Hapa," akasema, "tumemaliza."

Wifi alivuta pumzi iliyomtikisa mabega mpaka kijiko kikalia bakulini.

"Basi," akasema, "twende tukale."